Mlango wa Rangi Mbili

Kila asubuhi ya kazi Rolande alisimama mahali pale pale katika kituo cha Gare du Midi, mjini Brussels, kando ya nguzo yenye kigae kilichobanduka. Hakuhitaji kutazama huku wala kule. Metro ikitoka Clemenceau na kusimama, mlango wa kati wa behewa la tatu ulifunguka mbele ya viatu vyake, na Séraphin alikuwa ndani, mkono mmoja ameshika chuma cha juu, mwingine ameulaza juu ya mgongo wa kiti kitupu, kama mtu anayemwekea mwenzake nafasi.

"Bonjour, Rolande."

"Bonjour, Séraphin."

Kisha walizungumza mpaka Madou, ambako Rolande alishuka kupanda basi la Evere. Huko alikuwa na kazi katika nyumba ya wazee, kuwaogesha vikongwe, kuwalisha na kuwachana nywele. Walizungumza juu ya mvua, juu ya vikongwe wake, juu ya karakana ya mabango ambako Séraphin alikuwa fundi. Karibu mwaka mzima walizungumza hivyo, na katika maneno yote hayo hakuna aliyewahi kutamka lile lililokuwa likiwawasha wote wawili kooni.

Jumatatu hiyo ya mwezi wa tano, mwaka wa tisini na sita, metro ilitokea gizani ikiwa imevaa nguo.

Mabehewa ya mbele yalikuwa ya kijani kibichi, yamejaa nyota nyeupe. Ya nyuma yalikuwa ya njano, yenye mawimbi meusi yanayokimbia chini ya madirisha. Watu jukwaani walipiga kelele. Wengine wakashangilia, wengine wakazomea. Ilikuwa wiki ya fainali ya kombe, na safari hii mji mmoja ulikuwa umezaa timu zote mbili: Étoile ya huku Saint-Gilles, na Canal ya upande wa pili wa reli. Watu wanaonunua mkate duka moja walikuwa hawasalimiani. Papo hapo wenye skafu za kijani wakakimbilia mbele, wa njano wakakimbilia nyuma, na bibi mmoja Mbelgiji mwenye mbwa akabaki katikati akiuliza, jamani, asiye na timu anapanda wapi?

Rolande hakusikia. Alikuwa akiutazama mlango.

Rangi mbili zilikutana pale pale, kwenye mlango wa kati wa behewa la tatu. Ubao wake mmoja ulikuwa wa kijani, ubao wa pili wa njano. Ulipofunguka, kijani ilikwenda kwake na njano ikaenda kwake, na kati yao kikabaki chuma cha juu ambacho hakuna aliyekishika.

Séraphin hakuwamo.

Rolande aliingia, maana mguu ulikuwa umeshazoea. Akasimama kando ya kiti chao bila kukaa. Majuma mengi Séraphin alikuwa amemtania: "Karakana yetu ilipewa kazi moja kubwa. Siwezi kusema. Mais siku ya kwanza tutaipanda pamoja, miye na weye, na utaona kitu." Sasa kitu kilikuwa hicho, na yeye alikuwa peke yake ndani yake, akijua vizuri ni nani aliyemfukuza Séraphin katika mlango ule. Ni ulimi wake mwenyewe.

* * *

Ilikuwa Jumamosi iliyotangulia. Ijumaa yake, metro ilipokuwa ikikaribia Madou, Séraphin alitazama viatu vyake akasema, "Kesho tonton Ngoy na miye tutapita ku kwenu. Kusalimia papa yako." Milango ikafunguka, Rolande akashuka, akakosea basi.

Walikuja. Tonton Ngoy, mdogo wa baba yake Séraphin, mtu wa Lubumbashi aliyevaa suti ya kahawia na viatu vinavyong'aa kama sahani. Walileta kreti ya sucré, soda tamu za rangi zote, kwa kuwa walikuwa wamesikia kwamba Papa Polycarpe ni shemasi na hanywi pombe. Chumba cha mbele kilikuwa kidogo, magoti yakagusana. Rolande alisikiliza kutoka jikoni, kitambaa cha kufutia vyombo kimekunjwa mkononi mwake kama kamba.

"Papa Polycarpe," alianza tonton Ngoy, "shiye tuko batu ya mbali. Mais mutoto wetu aliona nyumba yenu, akasema, kule kuko batu. Tumekuya kupiga hodi."

"Hodi ya batu bazuri haikataliwe," alijibu baba yake. "Bon. Tuite mutoto."

Hivyo ndivyo inavyofanywa. Kreti huwekwa katikati, haiguswi. Msichana huitwa, na mbele ya pande zote mbili huulizwa swali moja. Akisema ndiyo, yeye mwenyewe hutoa chupa moja na kumpa baba yake, na mlango huwa umefunguliwa.

Rolande aliingia. Alimwona Séraphin pembeni ya kochi, tai imembana shingo, macho yakimwomba. Alikuwa amelifanyia mazoezi neno lile usiku kucha. Neno moja tu.

"Rolande, mutoto wangu," akasema Papa Polycarpe. "Unabajua hawa batu?"

Hapo ndipo alipoliona swali la pili likisubiri nyuma ya lile la kwanza, kama nyoka nyuma ya mtungi: *unabajua wapi?* Na jibu lake lilikuwa metroni. Mtoto wa shemasi, anayeimba kwaya, amejuana na mwanaume metroni. Akatazama mkeka.

"Apana, papa," akasema. "Sibajui."

Tonton Ngoy aliinuka taratibu, akarekebisha koti lake, akainama, akainua kreti. "Mutoto amesema. Asante kwa kiti." Séraphin alipita mbele yake bila kuinua uso. Chupa ziligongana ngazini mpaka chini, mlio baada ya mlio, na kila mlio Rolande aliusikia mbavuni.

Ajabu ni kwamba baba yake alikuwa akitabasamu.

"Umefanya muzuri sana. Njo vile, vile vile kabisa, bibi yako alijibu ku Butembo, siku babu yako alikuya. Mara ya kwanza mutoto wa kike hajue muntu. Kama muntu ana haja, anarudi."

"Na kama harudi?" aliuliza mama yake kutoka mlango wa jikoni.

"Kama harudi, donc alikuwa anapita tu. Na pia, batu ya Lubumbashi, tunabajua. Kiatu kinang'aa, roho, Mungu njo anajua."

* * *

Wiki ile Rolande hakukaa mahali akatulia. Kazini alimchana bibi mmoja nywele hadi bibi akamshika mkono: "Mwanangu, hizi ndizo nilizobakiwa nazo, niachie." Nyumbani alitia chumvi katika chai. Jumanne alimwona Séraphin. Alikuwa mbali, kule nyuma kabisa, katika behewa la njano, amebanwa na mashabiki wa Canal waliokuwa wakipiga ngoma kwenye vioo. Macho yao yalikutana juu ya vichwa vya watu, kwa muda wa pumzi moja. Rolande akafungua kinywa. Séraphin akatazama pembeni, na kituo kilichofuata akashuka, ingawa hakikuwa chake.

Siku zilizofuata hakumwona kabisa.

Alhamisi dada yake Jémima alirudi na habari. Jémima alikuwa akisuka nywele katika saluni moja ya Chaussée de Wavre, pale Matonge, mtaa wa Wakongo, na hakuna neno la Wakongo wa Brussels lisilopita chini ya kitana chake.

"Muke ya tonton Ngoy alikuya leo," alisema, akivua viatu. "Kaa."

"Niko sawa hivi."

"Kaa, nakuambia. Tonton amekasirika, dada. Anasema ku kwabo, mutoto akisema sibajui mbele ya batu, ni kufunga mulango na kutupa ufunguo. Hodi habapige mara mbili. Dimanche banaenda Liège. Kuko binti kule, mutoto ya rafiki yake ya Likasi. Kreti ni ile ile, hata hawakuifungua."

Rolande alikaa.

"Papa anasema batarudi," akasema kwa sauti ndogo.

"Papa anangoja barudi. Bale banasema walifukuzwa. Basi kila muntu amekaa ku kwake na kichwa juu, kama majogoo mbili."

"Na yeye? Séraphin anasema nini?"

"Hasemi kitu! Njo shida yenu hiyo, babili yenu! Mwaka muzima munakutana, munaongea juu ya mvua!"

"Si mvua tu," alijitetea Rolande, machozi yakimlenga.

"Eh, pardon. Mvua na mabango." Jémima alimvuta kichwa chake begani. Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Samedi ni mechi. Tonton ni wa Canal mpaka mifupa. Aliapa hataenda uwanjani na métro ingine ila ile ya rangi. Na Séraphin atakuwa naye. Na samedi wewe na papa munaendaka Matonge kununua chakula, si vile? Miye sijasema kitu. Miye nasuka nywele tu."

* * *

Jumamosi Papa Polycarpe alivaa tai ya kijani. Alisema ni ya Pasaka.

"Pasaka ilipita, papa."

"Yesu alifufuka mara moja na ni ya milele," alijibu, akaikaza.

Katika Gare du Midi Rolande alimpeleka moja kwa moja hadi kwenye nguzo yenye kigae kilichobanduka. Kikapu kilikuwa kitupu mkononi mwake, lakini kilimlemea. Metro ya kwanza ikaja, ya kawaida, rangi yake ya siku zote.

"Tungoje ingine, papa."

"Juu ya nini? Hii haina magurudumu?"

"Ina batu mingi."

Baba yake alichungulia ndani, akaona viti vitupu, akamtazama bintiye. Metro ikaondoka. Ya pili nayo ikaja, nayo ikawa ya kawaida.

"Hii pia ina batu mingi?" aliuliza.

Rolande alihamishia kikapu mkono wa pili. Kama amekosea? Kama wameshapita? Kama tonton amebadili nia na kesho Liège ikafika? Kutoka gizani ukaja upepo, halafu ngoma, halafu nyota nyeupe.

Mlango wa rangi mbili ulisimama mbele ya viatu vyake.

Mbele walijazana wa kijani, nyuma walijazana wa njano, wakiimbiana matusi ya furaha. Pale kati, kama kwenye mpaka, palikuwa na nafasi ndogo. Séraphin alikuwa hapo, mkono mmoja juu ya chuma. Mkono wa pili ulikuwa juu ya mgongo wa kiti, na kiti kilikuwa kitupu. Alipomwona, mkono ule ulishtuka kama umeungua, lakini haukuondoka.

Kando yake tonton Ngoy alikuwa na skafu ya njano shingoni na mfuko wa mikate kifuani, shingo ya chupa ya sucré imechungulia nje. Aliona tai ya kijani ikiingia.

"Tonton, salimia," alinong'ona Séraphin.

"Nisalimie nani? Batu sibajui?" Tonton alisema kwa sauti ya kusikika. "Shiye hapa hatujuane na muntu. Njo vile tuliambiwa."

Papa Polycarpe alishika chuma. "Bonjour, papa Ngoy. Nilikungoja wiki muzima."

"Ulinifukuza, halafu ukaningoja?"

"Nani alikufukuza? Muntu anapiga hodi mara moja tu, huyo ni facteur wa barua!"

"Facteur angalau banamwambia asante na banapokea barua!"

Shabiki mmoja wa njano aliyekuwa karibu, ambaye hakuelewa neno, alipiga makofi kumuunga mkono mwenye skafu. Wa kijani wawili wakaja upande wa mwenye tai. Porte de Hal ikaja ikapita. Wazee walikuwa wakigombana juu ya bibi wa Butembo na heshima ya Lubumbashi, na watu walifikiri ni mpira.

Séraphin hakuwatazama. "Uliona mulango?" aliuliza, chini kabisa.

"Niliona lundi, siku ya kwanza."

"Patron wa karakana alitaka rangi zikutane kati ya behewa na behewa. Nikamwambia apana, pale haitashika vizuri. Nilidanganya. Ingeshika." Alimeza mate. "Nilitaka zikutane hapa, juu ya weye. Kila asubuhi unaingiaka hapa."

Rolande alitazama kikapu chake, kama alivyotazama mkeka Jumamosi ile. Hôtel des Monnaies. Milango ikafunguka, ikafungwa.

"Basi kesho twende zetu Liège," tonton alikuwa akisema. "Kule banajua batu."

"Nendeni! Nani amewashika miguu?"

"Tonton, tafadhali," alisema Séraphin, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Wacha. Yeye mwenyewe alisema hanijui. Tusimsumbue." Akauondoa mkono juu ya kiti. Polepole, kidole baada ya kidole.

Mkono ule ukiondoka ndio uliomwamsha Rolande. Chuki ya wazee angeivumilia. Kile kiti kubaki bila mkono, hapana. Louise ilipita madirishani. Kilichobaki ni Porte de Namur, kituo cha Matonge, ambako baba yake angesema tushuke, naye angeshuka, kama anavyoshuka siku zote.

"Namujua," akasema.

Hakuna aliyesikia. Ngoma zilikuwa zikipigwa.

"Papa!" Ilikuwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuifahamu. Ngoma ya karibu ilikatika. "Papa, uliniuliza swali samedi ilipita. Uniulize tena."

"Hapa? Ndani ya métro? Rolande, mbele ya batu bote hawa?"

"Mbele ya batu bote hawa."

Papa Polycarpe alimtazama. Akamtazama mwenye skafu ya njano. Pengine alikumbuka metro mbili walizoziacha zipite zikiwa tupu. Alikohoa, akainyoosha tai yake ya Pasaka, akasimama wima kadiri gari lilivyomruhusu.

"Rolande, mutoto wangu. Unabajua hawa batu?"

"Nabajua, papa."

"Unabajua wapi?"

Swali lilikuwa limefika, lile alilolikimbia, na halikumuuma. "Hapa. Ku huu mulango. Kila asubuhi. Anawekaka mukono juu ya kiti ili nikae. Hajanigusa, hajanikosea neno. Samedi nilisema uongo juu ya kuogopa utanionea haya."

Papa Polycarpe alifumba macho kidogo. Alipoyafumbua, alikuwa akitazama mgongo wa kile kiti. "Ku métro," alisema, kama anayeonja chakula asichokijua. Kisha, "Bon. Papa Ngoy, mulikuya na kinywaji ao hamukukuya?"

"Kreti iko ku nyumba," alijibu tonton, akiwa amechanganyikiwa. "Ya Liège..." Akajikatiza. Akachungulia mfuko wake wa mikate, akatoa ile chupa ya sucré ya machungwa, akaipangusa kwa skafu, akaishika mbele kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. "Liège, kusema kweli, ni mbali," akasema.

Rolande aliipokea. Gari lilipinda, akayumba, Séraphin akamshika kiwiko. Akampa baba yake chupa. Wa kijani na wa njano, bila kujua wanashangilia nini, walishangilia pamoja.

"Mais huyu," Papa Polycarpe alimwonyesha Séraphin kwa shingo ya chupa, "kwa nini ye hasemi kitu?"

Séraphin hakuwa akimtazama. Milango ya Porte de Namur ilikuwa imefunguka, kijani kwake, njano kwake, na hakuna aliyeshuka.

"Rolande," alisema. "Kunijua, unanijua. Lakini..."

"Nakupenda, Séraphin," akasema Rolande, kwa sauti, kabla milango haijafungwa. "Njo ile nilitaka kusema samedi. Njo ile nilikuwa nasema siku zote, nikisema mvua."